Kutafuta makala za utafiti katika hifadhidata za maktaba: mfano wa Kiswahili cha Lubumbashi

1. Utangulizi

Katika tasnifu za wanachuo wetu hukutwa mara kwa mara sentensi ambayo imekwisha kuwa kama desturi: kwamba mada iliyochaguliwa haijapata kuchunguzwa na mtu yeyote. Pengine sentensi hiyo ni ya kweli. Pengine, hata hivyo, maana yake ni kwamba mwandishi alitafuta kwa neno moja, mahali pamoja, akapata sifuri, naye akaridhika. Hasara yake si ndogo. Mtafiti hutumia mwaka mzima kugundua jambo lililokwisha kugunduliwa, na kazi ya waliomtangulia huzikwa mara ya pili.

Makala hii inakusudia kueleza jinsi hifadhidata za maktaba zinavyofanya kazi, na jinsi mtafiti wa Kiswahili anavyopaswa kuziuliza. Mfano wetu ni Kiswahili cha Lubumbashi. Tumeuchagua kwa sababu mbili. Kwanza, maandishi yanayokihusu yametawanyika katika lugha kadhaa: Kifaransa, Kiingereza, Kijerumani na Kiswahili chenyewe. Pili, mji, jimbo na nchi vimebadilishiwa majina, na kila badiliko limeacha alama katika katalogi za dunia.

2. Hifadhidata hujua nini?

Hifadhidata haina budi kutofautishwa na rafu za vitabu. Ni mkusanyiko wa rekodi. Kila rekodi hutaja mwandishi wa makala, anwani ya makala, jarida, mwaka, kurasa, na mara nyingi ikisiri pamoja na maneno muhimu. Katika baadhi ya hifadhidata rekodi huambatana na matini kamili. Katika nyingine rekodi ni kielekezi tu, na matini hutafutwa kwingine.

Kutokana na rekodi hizo tarakilishi huunda faharasa: kila neno huorodheshwa pamoja na rekodi zote linamopatikana. Mtafutaji anapoandika neno lake, mashine haisomi makala hata moja. Hufungua faharasa na kulinganisha herufi. Hili ndilo jambo la kwanza la kukumbuka. Kwetu sisi, «Swahili» na «Kiswahili» ni lugha moja. Kwa faharasa nyingi, hayo ni maneno mawili yasiyo na undugu wowote, na anayeandika la kwanza huenda asilipate la pili kamwe.

Hifadhidata zenyewe hazifanani. JSTOR, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1995, ilikusudiwa hasa kuhifadhi matoleo ya zamani ya majarida; kwa hiyo majarida mengi yaliyomo hayana matoleo ya miaka ya karibuni kabisa. Persée, iliyofunguliwa Ufaransa mwaka 2005, hutoa bure matoleo ya zamani ya majarida ya Kifaransa. Cairn.info, ya mwaka huo huo, huchanganya makala za bure na za kulipia. African Journals Online, iliyoanza mwaka 1998, hukusanya majarida yanayochapishwa barani Afrika, ambayo hayapatikani kwa urahisi katika hifadhidata za Ulaya. DOAJ, iliyoanzishwa mwaka 2003, huorodhesha majarida yanayosomwa bila malipo. Kwa upande wetu wa taaluma lipo pia Swahili Forum, lililoanza kutolewa mwaka 1994 huko Ujerumani, ambalo makala zake husomwa bure. Google Scholar, ya mwaka 2004, ni injini ya kutafuta inayopitia tovuti nyingi. Ni pana, lakini haina mtunza katalogi aliyezipanga rekodi zake kwa mada.

Kutokana na tofauti hizi, hakuna hifadhidata moja inayotosha. Aliyetafuta katika JSTOR peke yake amefungua dirisha moja la nyumba yenye madirisha mengi.

3. Majina yaliyobadilika

Tuchukue mwanachuo anayetaka kuchunguza maneno ya Kifaransa yaliyoingia katika Kiswahili cha Lubumbashi. Akiandika «Kiswahili cha Lubumbashi» na kubonyeza, atapata machache tu, kwani ni makala zilizoandikwa kwa Kiswahili pekee zitakazoitika. Inambidi ajiulize: waandishi wa kila kipindi waliiitaje lugha hii, na waliuitaje mji huu?

Kuhusu mahali, mji uliitwa Élisabethville tangu ulipoanzishwa mwaka 1910 hadi ulipopewa jina la Lubumbashi mwaka 1966. Jimbo la Katanga liliitwa Shaba tangu mwaka 1971 hadi 1997. Nchi iliitwa Congo ya Kibelgiji tangu 1908 hadi 1960, kisha Congo, kisha Zaïre tangu 1971 hadi 1997, ndipo ikawa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo. Mabadiliko haya si historia tu, ni funguo. Tasnifu ya udaktari ya Kapanga, iliyowasilishwa Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 1991, inazungumzia katika anwani yake Kiswahili cha Shaba, wala si cha Lubumbashi wala cha Katanga. Ndivyo ilivyo pia kazi ya Vincent de Rooij ya mwaka 1996 kuhusu uchanganyaji wa Kifaransa na Kiswahili, kazi ambayo inaigusa kabisa mada ya mwanachuo wetu. Asiyeliandika neno Shaba hupitwa na zote mbili.

Kuhusu lugha, vitabu vya wakati wa ukoloni huiita mara nyingi Kingwana. Wafaransa na Wabelgiji waliandika pia «souahili» na «swahéli». Wajerumani huandika «Suaheli» au «Swahili». Walter Schicho alichapisha mwaka 1982 kitabu kizima kwa Kijerumani juu ya sintaksia ya Kiswahili cha Lubumbashi. Lugha yenyewe ina pia alama za kimataifa: swa kwa Kiswahili kwa jumla, swh kwa Kiswahili cha pwani na sanifu, na swc kwa Kiswahili cha Congo. Katika hifadhidata za isimu na hifadhi za sauti, alama ya herufi tatu mara nyingine huleta kile ambacho jina halikuleta.

Kuhusu waandishi, tahadhari ni hiyo hiyo. Baada ya mwaka 1972, siasa ya «authenticité» ilipowataka raia wa Zaïre kuacha majina ya Kikristo, waandishi wengi walibadilisha namna ya kujiandika. Mwanafalsafa Mudimbe, aliyefundisha Lubumbashi, ametajwa kama Valentin-Yves, kama Vumbi Yoka, na kwa herufi za V. Y. peke yake. Watunza katalogi wa Ulaya, wasiojua jina lipi kati ya majina matatu ni la kuorodheshea, mara nyingine huwatenganisha watu wasiotenganishika. Yafaa basi kumtafuta mwandishi Mcongo kwa kila moja ya majina yake.

4. Viambishi awali na kinyota

Hifadhidata nyingi humpa mtafutaji alama ya kinyota, inayosimama badala ya herufi zozote mwishoni mwa neno. Anayeandika «emprunt*» atapata «emprunt», «emprunts», «emprunter» na «emprunté» kwa pigo moja. Chombo hiki kilibuniwa kwa ajili ya lugha zinazobadilisha mwisho wa maneno.

Nomino za Kiswahili hubadilika mwanzoni. «Kitenzi» na «vitenzi», «neno» na «maneno», «mkopo» na «mikopo»: sehemu isiyobadilika iko nyuma, na hifadhidata nyingi hazikubali kinyota mbele ya neno. Kwa hiyo mtafutaji wa maandishi ya Kiswahili hana njia ya mkato. Sharti aandike umoja na wingi, vyote viwili. Aidha Google Scholar haitumii kinyota cha namna hii hata kidogo. Mwanaisimu atatambua hapa jambo asilolizoea: mofolojia ya lugha yake inaamua idadi ya makala atakazoziona.

Alama nyingine yenye manufaa ni mtajo. Maneno yaliyofungwa ndani ya alama za mtajo hutafutwa kwa mfuatano wake. Ni silaha nzuri dhidi ya wingi, lakini hukata pande mbili: anayefunga «swahili de Lubumbashi» hatapata makala isemayo «le swahili parlé à Lubumbashi».

5. Viunganishi

Mwaka 1854 mwanahisabati Mwingereza George Boole alichapisha kitabu juu ya kanuni za fikra, ambamo mantiki iliandikwa kwa alama za aljebra. Hifadhidata za leo bado zinamtegemea. Viunganishi vyake vitatu huandikwa kwa herufi kubwa: AND hudai maneno yote mawili yawepo, OR huridhika na mojawapo, NOT hufukuza. AND hupunguza matokeo, OR huyaongeza.

Njia iliyo salama ni kuigawa mada katika dhana, kisha kuipa kila dhana mstari wake katika fomu ya utafutaji wa kina. Kwa mwanachuo wetu dhana ni tatu. Mstari wa kwanza, lugha: Swahili OR Kiswahili OR Kingwana OR Suaheli. Mstari wa pili, mahali: Lubumbashi OR Elisabethville OR Katanga OR Shaba. Mstari wa tatu, jambo lenyewe: emprunt* OR mkopo OR mikopo, pamoja na maneno ya Kiingereza na Kijerumani yenye maana hiyo. Mistari yenyewe huunganishwa kwa AND. Matokeo yakiwa machache mno, aondoe mstari wa tatu kwanza. Yakiwa mengi mno, adai kwamba mstari wa kwanza uwemo katika anwani ya makala, si popote tu.

NOT itumiwe kwa hofu. Mtu anayeandika NOT Kenya ili aepuke Kiswahili cha pwani atafukuza pia kila makala inayolinganisha Lubumbashi na Mombasa, nayo huenda ndiyo aliyoihitaji.

Pia kuna njia ya vichwa vya mada. Maktaba ya Congress ya Marekani na maktaba za Ufaransa hutumia orodha maalumu: vitabu vyote kuhusu lugha hii huwekwa chini ya kichwa kimoja, hata mwandishi awe ametumia jina gani. Katika orodha ya Ufaransa kichwa hicho ni «Swahili (langue)». Anayepata kitabu kimoja kinachomfaa na aangalie rekodi yake imepewa vichwa gani, kisha avifuate. Hivyo hukutana na kazi kama ile ya Johannes Fabian ya mwaka 1986 juu ya Kiswahili na utawala wa kikoloni, ambayo anwani yake haitaji Lubumbashi wala Katanga.

6. Kutoka makala moja hadi nyingine, na hadi matini

Makala moja nzuri ni mlango wa nyingine. Orodha ya marejeo iliyo mwishoni mwake hutupeleka nyuma, kwa waliotangulia. Kiungo cha «waliotaja» katika Google Scholar hutupeleka mbele, kwa waliofuata. Kwa mfano, anayeanzia kwenye sarufi iliyochapishwa mwaka 2014 na Ferrari, Kalunga na Mulumbwa ataongozwa nyuma na mbele kwa njia hizo mbili.

Kuipata rekodi si kuipata matini. Mwenye kugonga ukuta wa malipo asikate tamaa upesi. Kwanza, aulize katika maktaba yake kama chuo kimejiandikisha katika Research4Life, mpango ulioanza mwaka 2002 kwa majarida ya tiba na baadaye ukapanuka, unaozipa taasisi za nchi maskini majarida bure au kwa bei ndogo. Pili, JSTOR humruhusu msomaji aliyejiandikisha mwenyewe kusoma kwenye skrini idadi fulani ya makala kila mwezi bila malipo. Tatu, waandishi wengi huweka nakala katika hifadhi za vyuo vyao, au katika hifadhi kama HAL ya Ufaransa. Nne, barua fupi yenye adabu kwa mwandishi mara nyingi hujibiwa kwa nakala.

Kwa kuwa megabaiti hununuliwa na umeme hukatika, kazi ipangwe kabla ya kuunganisha mtandao. Orodha ya maneno iandikwe kwenye karatasi nyumbani. Ikisiri zisomwe kwanza. Matini zipakuliwe mwisho. Na kila utafutaji uwekwe katika daftari: tarehe, hifadhidata, maneno yaliyotumiwa, idadi ya matokeo. Daftari hilo ndilo litakalompa mwanachuo haki ya kusema mbele ya jopo kwamba alitafuta.

7. Sifuri si ushahidi

Tumalizie kwa jambo ambalo mbinu peke yake haziwezi kulitatua. Sehemu kubwa ya yale yaliyoandikwa kuhusu Kiswahili katika Congo haimo katika hifadhidata yoyote. Imo katika tasnifu zilizopigwa taipu, katika majarida ya vitivo yaliyotoka mara chache kisha yakasita, katika makabati ya maktaba zetu. Mtafiti anayeamini mtandao pekee atawataja wageni waliotuandika, na kuwasahau walimu waliomfundisha. Kwa hiyo sifuri ya hifadhidata isomwe kama ilivyo: inasema kwamba faharasa fulani, kwa maneno fulani, siku fulani, haikuwa na jibu. Baada yake bado kuna kabati la kufunguliwa na mkutubi wa kuulizwa.

Upande wa pili wa wajibu ni wetu sisi tunaoandika. Makala isiyo na ikisiri, isiyo na maneno muhimu, iliyotiwa sahihi kwa jina linalobadilika kila mwaka, imejificha yenyewe. Kila mwandishi wa taarifa hii aweza kufanya mambo matatu yasiyogharimu kitu: achague namna moja ya kuandika jina lake na kuishika, au ajichukulie namba ya ORCID, yenye tarakimu 16, inayotolewa bure tangu mwaka 2012, aandike ikisiri kwa Kiswahili, na nyingine kwa Kifaransa au Kiingereza, na ataje katika maneno muhimu majina ya zamani na ya sasa ya mahali anapopazungumzia. Hapo ndipo mwanachuo wa kesho, akiandika neno lake moja kwenye mashine, atakapoitikiwa na sauti za nyumbani pia.