Si kila mnyoo ni kichocho

Msomaji wetu wa Karagita, pale kando ya Ziwa Naivasha, ameniletea swali. Mama muuza samaki jirani yake alipasua samaki mdogo, akakuta utepe mweupe umejikunja tumboni. Mteja akapaza sauti: "Hicho ni kichocho!" Basi wateja wakatawanyika, na jioni beseni likarudi nyumbani limejaa. Je, mteja yule alitumia neno sahihi?

La, hasha. Kichocho ni jina la ugonjwa, wala si la mnyoo. Mnyoo anayeuleta huishi katika mishipa ya damu ya binadamu, na humwingia mtu kwa kupenya ngozi majini baada ya kutoka kwa konokono. Haliwi na samaki. Bila kuuona utepe wenyewe sithubutu kuapa, ila huenda alikuwa tegu. Mwaka 2009 watafiti walichapisha habari za tegu aitwaye Ligula intestinalis katika samaki wadogo wa Naivasha. Huyu huanzia kwa kidudu cha majini, akahamia kwa samaki, kisha akakomaa na kutaga mayai ndani ya ndege mla samaki kama vile mnandi. (Samaki apikwe aive, hilo halina mjadala.)

Wote wawili ni minyoo bapa, lakini undugu wao unaishia mbali. Mnyoo wa kichocho ana mdomo na utumbo. Tegu hana kimojawapo: hufyonza chakula kupitia ngozi yake.

Kuwatenganisha tegu wenyewe kwa wenyewe ndiyo kazi hasa, maana kwa macho wote ni utepe tu. Wataalamu huchunguza kwa hadubini kulabu za kichwani na mpangilio wa viungo vya uzazi ndani ya mwili. Ndivyo Jones na Khalil walivyochunguza minyoo ya heroe wadogo wa Ziwa Nakuru, na mwaka 1980 wakatangaza tegu mpya, Phoenicolepis nakurensis. Neno la pili lina maana ya "wa Nakuru". (Heroe ndiye flamingo. Wapo wanaomwita korongo, na hunikera kidogo.)

Mwanafunzi wa ngeli hatashangaa. Kifaru na kiboko wana sura ya kiti na kisu, ila hatusemi "kifaru kimelala". Upatanisho ndio unaotuonyesha ngeli, si kiambishi cha mwanzo. Tegu naye, wingi wake mategu, hufanana kwa umbo na jani na majani, lakini ni kiumbe hai: tegu huyu amekufa, mategu hawa wamekufa. Vivyo hivyo mnyoo huyu, minyoo hawa, ingawa mitaani, na hata juu hapo nilipoandika "minyoo ya heroe", viambishi huteleza.

Kwa hiyo mama akiulizwa tena sokoni, ajibu hivi: "Huyu ni tegu wa ndege. Kichocho hakitoki kwa samaki."