Mvua Zikizidi, Samaki wa Basotu Huenda Wapi?

Vijana wa Hanang na Mbulu huniuliza: "Afisa, mbona nyavu zinatoka tupu?" Jamani, samaki hawajaisha, wamehama. Mvua zikizidi, kama zile za mwishoni mwa 2023, ziwa hupanda na tope huingia. Kambale husogea kwenye nyasi zilizofurika, hutaga usiku. Tope halimsumbui, maana anaweza kuvuta hewa ya juu. Perege mtafute upande wenye maji matulivu, mbali na midomo ya mikondo.

Ila nawasihi, kwenye nyasi msitege. Kambale jike mmoja ana maelfu ya mayai; perege jike huyatunza mdomoni. Ukimvua sasa umeuza mbegu ya msimu ujao. Tega majini zaidi, kwa nyavu zenye matundu makubwa.