Siku ndama wetu alipoondoka, nilinuna!

Jamani, nyie mnaodhani msaada ni kilo mbili za unga na kupiga picha, leo nisikilizeni.

Baba alipofariki nilikuwa darasa la nne, kijijini kwetu Meru. Mama akabaki na watoto wanne na kishamba cha migomba. Wafadhili walileta mahindi. Tukala, yakaisha. Wao wakaondoka, njaa ikabaki pale pale.

Kisha ukaja mradi wa "kopa ng'ombe, lipa ng'ombe". Wazo lenyewe si la jana. Mmarekani mmoja, Dan West, alikuwa akiwagawia maziwa wenye njaa wakati wa vita vya Hispania miaka ya 1930. Akaona kikombe hakimalizi njaa, bora umpe mtu ng'ombe. Mwaka 1944 mitamba 17 ya kwanza ikasafirishwa kwenda Puerto Rico. Shirika lililozaliwa hapo, Heifer, likafika mpaka Tanzania.

Usidhani mama alipewa hivi hivi. Kwanza ajenge banda, apande majani, ahudhurie mafunzo. Ndipo mtamba akaja, tena ana mimba. Asikwambie mtu, ng'ombe wa bandani ni kazi! Nilikata majani alfajiri kabla ya shule, nanuka samadi mpaka wenzangu wakanibatiza "Bwana Mifugo". Lakini chai ikapata maziwa, mengine yakauzwa, na migomba ikanawiri.

Mtihani ukaja alipozaliwa ndama jike. Sharti ni kwamba wa kwanza anapewa familia nyingine. Mjomba akaja mbio.

"Dada, muuze huyu, mtoto aende sekondari. Nani atajua?"

Nisidanganye, moyoni nilikuwa upande wa mjomba.

Mama akamjibu, "Nitajua mimi."

Ndama alipokua, mama akavaa kitenge chake cha sikukuu, akaenda mwenyewe kumkabidhi kamba mjane wa ng'ambo ya mto. Mimi nilinuna siku tatu. Yeye alirudi anatembea kifua mbele. Tangu baba afe, kijiji kilimwita "yule wa kusaidiwa". Siku ile jina hilo likafa.

Sekondari nilikwenda, ada ikalipwa na maziwa.

Basi kijana mwenzangu, siku ukichangia mwenye shida, jiulize: huyu naye atampa mwingine lini? Kama jibu hakuna, ujue umempa mahindi.