Uzito wa mazoezi kwa wakimbiaji wa mbio fupi: kwa nini kifundo cha mguu si mahali pake

Kila michezo ya UMISSETA inapokaribia, simu ya studio hupokea swali lile lile kwa maneno tofauti: je, kukimbia ukiwa umefunga uzito miguuni kunaongeza kasi? Wanaouliza ni wanafunzi, mara nyingine hata walimu wa michezo. Wengi wameshaanza. Vifuko vya mchanga vimeshonwa, vimefungwa juu ya kifundo cha mguu, na mazoezi yanaendelea jioni baada ya masomo. Wanaamini kwamba mtu akizoea mzigo, siku akiuvua atatimka kama swala.

Uzito wa kuvaa unaweza kweli kumsaidia mkimbiaji. Tatizo ni pale unapofungwa.

Chukua jembe. Shika mpini karibu na chuma, ulipeleke mbele na nyuma kwa haraka. Kisha shika mwisho wa mpini ufanye vivyo hivyo. Jembe ni lile lile, lakini safari ya pili mkono unalalamika. Mguu nao ni mpini, na nyonga ndiyo mkono. Uzito ule ule ukiwekwa mbali na nyonga mara mbili zaidi, ugumu wa kuubembeza unakuwa mara nne. Kwa hiyo nusu kilo kifundoni si sawa na nusu kilo pajani, hata kama mizani inasema ni sawa.

Usain Bolt alipokimbia mita 100 kwa sekunde 9.58 mjini Berlin mwaka 2009, alitumia takriban hatua 41, yaani zaidi ya hatua nne kila sekunde. Mguu wenye mchanga hauwezi kwenda na mdundo wa namna hiyo. Hatua zinapungua, goti halipandi, na mwili unazoea mwendo ambao si wa mbio fupi. Halafu kuna misuli ya nyuma ya paja. Hiyo ndiyo breki ya mguu unaporushwa mbele kabla ya kutua. Ukiongeza uzito mwishoni mwa mguu, breki hiyo inafanya kazi kubwa zaidi ikiwa imenyooshwa, na hapo ndipo wakimbiaji wengi wa mbio fupi huumia. Mwanafunzi wa kidato cha nne akichanika msuli wiki mbili kabla ya mashindano, huenda asipate UMISSETA nyingine ya kusubiri.

Mwaka 2000 Peter Weyand na wenzake nchini Marekani walichapisha utafiti uliolinganisha wakimbiaji wenye kasi na wale wa kawaida. Kila mmoja akiwa kwenye kasi yake ya juu kabisa, muda wa kuurudisha mguu mbele haukutofautiana sana. Kilichowatenganisha ni nguvu ya kuisukuma ardhi. Mkimbiaji bora akiwa katika kasi ya juu hugusa ardhi kwa takriban sehemu moja ya kumi ya sekunde, na ndani ya muda huo mfupi anaisukuma kwa nguvu inayozidi uzito wa mwili wake zaidi ya mara mbili. Ukilisoma hilo vizuri, unaona mchanga wa kifundoni unatesa mahali ambapo kasi haipatikani.

Ndiyo maana fulana ya uzito ina mantiki zaidi. Inakaa kifuani na mgongoni, haiubughudhi mguu unapobembea, bali inaongeza mzigo kila mguu unapotua. Hata hivyo ikiwa nzito, mguu unakawia ardhini na faida inapotea. Kwa mwenye kilo 60, kilo 3 zinatosha kuanzia. Ibane mwilini, begi la shule lenye mchanga linarukaruka na kuumiza mgongo. Anayetaka kufunga mapajani aanze na gramu 300 kila upande, juu karibu na nyonga.

Kimbia mita 20 au 30 tu, mara nne hadi sita, ukipumzika dakika mbili au tatu kila baada ya mbio. Siku mbili kwa wiki zinatosha. Mwenzako akupime kwa saa ya simu, ukiwa na uzito na bila uzito. Makocha wengi wana kanuni moja: ukipungua kasi kwa zaidi ya asilimia 10, punguza mzigo. Mbio ya sekunde 4 ikigeuka sekunde 4.5, fulana hiyo ni nzito. Na usidanganywe na ule wepesi unaousikia ukishaivua, maana mwili husikia wepesi hata pale ambapo saa haijabadilika.

Kwa watoto wa shule ya msingi wanaojiandaa na UMITASHUMTA, mimi sioni haja ya uzito wowote. Kilima kifupi cha mita 20 kinawapa mzigo bila gharama, na mwalimu akisimama pembeni anaona kila goti linavyopanda.