Hadhari ya Mbwa wa Maonyesho Juu ya Meza

Katika mwezi wa Juni wa mwaka 1859, mji wa Newcastle upon Tyne, kaskazini ya Uingereza, ulishuhudia maonyesho ya mbwa ambayo aghalabu huhesabiwa kuwa ya mwanzo katika namna yake. Walioletwa walikuwa mbwa wa kuwindia ndege tu, wapatao 60, na tunzo ya ushindi ilikuwa bunduki. Ada ile ilienea hima. New York ikapata maonyesho ya Westminster mwaka 1877, na London, mwaka 1891, ikapata yale ya Charles Cruft, mwuza biskuti za mbwa, ambayo mpaka leo yanaitwa kwa jina lake, na ambayo tangu mwaka 1991 hufanyika Birmingham, yakikusanya kwa muda wa siku nne mbwa wapatao 20,000. Baada ya wawindaji wakaingia ulingoni mbwa wa sebuleni na wa majumba ya wakuu, kina Poodle na Pekingese, Afghan Hound na Yorkshire Terrier, ambao manyoya yao ni nusu ya fahari yao; na kwa kuwa manyoya hayo hayana budi kuoshwa, kukaushwa, kuchanwa na kukatwa kwa mkasi kwa saa nyingi kabla ya mwamuzi kuyatia macho, ikapata nafasi yake meza ambayo kwa ajili yake nimeshika kalamu.

Meza hiyo ni chombo cha kusafiri nacho. Ubao wake, wenye upana wa sentimita 60 na urefu wa sentimita 90 hivi, hufunikwa kwa mpira wenye mifuo ili kucha zisiteleze, ukasimama juu ya miguu ya chuma inayokunjwa, kimo chake kikamfikia mtu kiunoni au karibu yake. Na kwenye ukingo hubanwa kwa skurubu mkono wa chuma uliopinda kwa juu, ambapo hutundikwa kitanzi cha nailoni cha kumvisha mbwa shingoni. Kitanzi hicho humkumbusha mbwa asimame, kichwa kikae juu, wala asigeuke kila mkasi upitapo. Hiyo ndiyo kazi yake yote, na madhara mengi hutokea pale mwenye mbwa anapokidhania kuwa mlinzi.

Mbwa wa maonyesho ni mtiifu kupita kiasi. Tangu utoto wake amefundishwa kusimama kimya, kunyosha miguu, kuvumilia mkono wa mgeni juu ya meno na kiungo chochote. Na mwenye kumtunza, baada ya kumwona amesimama hivyo mara mia bila ya kutikisika, huanza kuyakinisha nafsini mwake kuwa hatatikisika kamwe. Basi hugeuka. Amelikumbuka chanuo alilolisahau kisandukuni, au ameitwa na jirani, au simu imelia. Naye mbwa, kwa kumpenda, huruka ili amfuate. Madhali kitanzi kimefungwa kwenye chuma, na sakafu iko chini kuliko urefu wa kamba, mnyama huning'inia kwa shingo yake, na uzito wake mwenyewe huziba njia ya pumzi na mishipa ipelekayo damu kichwani. Dakika chache zatosha, na hayawani huyo hawezi kuita, kwa kuwa koo lake ndilo lililobanwa. Katika ukumbi wenye kelele za vikausha manyoya na mamia ya watu, huenda asionekane na mtu yeyote mpaka mambo yamekwisha.

Kwa sababu hiyo mafundi wenye insafu katika kazi hii wana kanuni moja wasiyoivunja kwa udhuru wowote, nayo ni kwamba mbwa aliye juu ya meza haachwi. Hakuna mama amwekaye mtoto mchanga juu ya meza akaenda kufungua mlango, hata mtoto awe amelala fofofo. Mwenye haja ya kuondoka amvue mbwa kitanzi, amshushe, amtie ndani ya tundu lake la safari, kisha aende zake. Na mwenye haja ya kugeuka tu na abakishe mkono mmoja juu ya mwili wa mbwa. Kwa ajili hiyo vyombo vyote, tangu brashi hata unga wa kupaka kwenye damu ukucha ukikatwa ndani mno, hupangwa karibu kabla ya mbwa kupandishwa.

Hata kwa mtu asiyeondoka, kitanzi kina adabu zake. Kisibane hata vidole viwili visipite kati yake na shingo, wala kisilegee hata mguu wa mbele ukaweza kuingia ndani yake. Kikae juu, nyuma ya masikio, na kamba iwe na urefu wa kumwezesha mbwa kusimama kwa raha bila ya kuvutwa. Vipo vitanzi vyenye kiungo kinachofunguka vikivutwa kwa nguvu, nami naona mtu asinunue vya namna nyingine, kwa maana tofauti ya bei ni ndogo na tofauti ya matokeo ni uhai. Mbwa wadogo kama Pomeranian na Yorkshire Terrier, ambao wengi wao wana udhaifu wa bomba la pumzi, ni heri kitanzi chao kipitishwe kifuani na chini ya kwapa la mguu mmoja, ili mvuto ugawanyike usiangukie koo peke yake. Pekingese na Pug wana taabu nyingine: macho yao yamekaa katika vikombe vya mfupa visivyo na kina, na shingo ikivutwa kwa nguvu jicho laweza kutoka mahali pake.

Yamkini msomaji wa pwani yetu, ambaye kwake mbwa ni mlinzi wa nje na twahara ya nyumba ni jambo la kuchungwa, ataona haya yote ni mambo ya mbali, ijapokuwa hata Nairobi kuna East Africa Kennel Club na maonyesho yake. Lakini msomaji huyo huyo amekua akisikia habari ya mtu aliyeshuka kisimani akateka maji kwa kiatu chake ili amnyweshe mbwa aliyekuwa akifa kwa kiu, akasamehewa madhambi yake. Mnyama aliyefungwa kwa ajili ya fahari ya mwanadamu ana haki kubwa zaidi ya kuangaliwa kuliko yule wa kisimani aliyekuwa huru.

Nirejee mezani. Kuanguka bila ya kitanzi nako si jambo dogo. Mbwa wa kilo mbili au tatu, miguu yake ya mbele ina mifupa myembamba mno, na akiruka kutoka kimo cha meza aghalabu huvunjika juu kidogo ya kifundo cha mguu, mahali ambapo kwa mbwa wadogo damu hufika kwa uchache, hata mfupa hukawia kuunga na pengine hauungi bila ya chuma cha mganga wa wanyama. Dachshund, kwa urefu wa mgongo wake, huhofiwa pingili za uti. Na Newfoundland wa kilo 60 huja na hatari ya namna yake, kwani meza ya kukunja isiyofungwa sawasawa itaporomoka chini yake. Kabla ya kila kazi, basi, miguu ya meza itikiswe, vifungio vyake vikaguliwe, na skurubu ya ule mkono wa chuma ikazwe, maana ikilegea chuma kizima huteremka juu ya kichwa cha mbwa.

Liko pia joto. Mbwa hupoza mwili wake kwa kuhema, si kwa jasho la ngozi. Joto lake la kawaida ni baina ya nyuzi 38 na 39 na kitu, na likipita 41 viungo vya ndani huanza kuharibika. Kikausha manyoya kilichosimamishwa kikampulizia hewa ya moto mfululizo mbwa wa pua fupi, ambaye hata siku ya baridi huhema kwa taabu, chaweza kumfikisha hapo angali kimya na mtiifu. Hewa ya baridi au ya uvuguvugu, muda mrefu zaidi, na mkono ulio karibu kuupima mwili wake, ndiyo njia ya salama, hata ikiwa saa ya kuingia ulingoni imekaribia.

Mbwa wadogo hupandishwa tena juu ya meza mbele ya mwamuzi, ili awapapase bila ya kuinama. Kwa wale wazito walio wafupi, wanyanyukao kwa shida na kuteremshwa kwa shida zaidi, Marekani imeleta jukwaa la chini lenye mteremko, ambalo mbwa, Bulldog akiwa miongoni mwao, hulipanda na kulishuka kwa miguu yake mwenyewe. Sioni kwa nini jambo hili liishie ulingoni. Ubao mpana wenye mteremko wa taratibu, uliogundishwa mpira juu na kufungwa imara kwenye ukingo wa meza, fundi seremala yeyote aweza kuutengeneza kwa siku moja. Na mbwa mzito au mwenye mgongo mrefu akishazoeshwa kuutumia tangu utotoni, kwa kipande cha nyama juu na kingine chini, haachi kuutafuta yeye mwenyewe anapotaka kushuka.