Mti wa Shimba Hills na Dawa ya Saratani ya Matiti

Mwarobaini ulioko katika nyua zetu hapa Watamu, ambao wengine huuita mkilifi, hauhitaji mlinzi. Hukatwa ukachipuka tena, na mama akitaka majani hunyoosha mkono tu. Si kila mti wa dawa ulio hivyo. Mjafari tunautafuta kwa gome na mizizi yake, na mti uliochunwa gome pande zote haurudi. Kwa sababu hiyo tunataka kusimulia habari ya mti mwingine wa pwani yetu, ambao wengi wetu hatujapata hata kulisikia jina lake.

Wataalamu huuita Maytenus buchananii, nao humea katika vilima vya Shimba Hills huko Kwale. Mwaka 1972 mwanakemia wa Marekani, S. Morris Kupchan, pamoja na wenzake, walitangaza kuwa wamepata kiini kiitwacho maitansini ndani ya mti wa jamii hiyo kutoka Ethiopia, kiini chenye nguvu kubwa ya kuua seli za saratani. Mti wa Kwale nao ukaonekana kuwa nacho. Tatizo lilikuwa uchache wake: kilo nzima ya mti mkavu hutoa miligramu chache tu, au pungufu ya hapo. Basi katika miaka hiyo ya 1970, kwa ufadhili wa Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, zikavunwa huko kilo 27,215. Imeandikwa kuwa miti yote iliyokomaa ya eneo lile iliondoka. Imeandikwa vilevile kuwa ndugu zetu Wadigo walikuwa wakiutumia mti huo katika tiba zao, na kwamba hawakuombwa ridhaa wala elimu yao haikutajwa.

Na faida yake? Kiini hicho kilipojaribiwa kwa wagonjwa kilionekana kuwa sumu kali mno. Kiliwadhuru bila ya kuwafaa, na majaribio yakaachwa. Miti ilikwisha katwa, na mgonjwa hakupona.

Njia nyingine ilifunguka mwaka 1977, pale watafiti wa Japani walipoeleza kuwa kuna bakteria, Actinosynnema pretiosum, watengenezao viini vilivyo ndugu wa maitansini. Bakteria hao hufugwa katika matangi na kulishwa, wakafanya kazi yao kimya kimya kama hamira katika unga wa mahamri. Hakuna shoka wala gunia. Wanakemia wakakirekebisha kiini kilichopatikana, kisha wakakifunga kwenye kingamwili inayotambua alama iitwayo HER2, ambayo hujaa juu ya seli za baadhi ya saratani za matiti. Kingamwili huibeba ile sumu hadi kwenye seli yenye alama hiyo, na sumu hufunguka humo ndani, badala ya kumwagika mwili mzima. Dawa hiyo, Kadcyla, iliidhinishwa Marekani mwaka 2013.

Hesabuni wenyewe: kutoka 1972 hadi 2013 ni miaka 41. Twayataja haya kwa ajili ya akina mama hasa, kwani wapo wanaosikia kuwa dawa fulani ya hospitali asili yake ni mti, wakadhani kuchemsha mzizi ni mamoja. Si mamoja. Kiini kilicho ndugu wa kile kilichoshindwa kikiwa peke yake ndicho kinachotibu leo kikiwa kimefungwa, kimepimwa na kimeelekezwa. Mwanamke aonaye uvimbe katika titi asiufiche kwa haya, na mume wake asingoje kuombwa nauli ya kwenda hospitali. Na akiwa anakunywa dawa za miti, amwambie daktari bila kuogopa kukaripiwa, kwa kuwa dawa mbili huweza kugombana mwilini.

Ama lile la kutoombwa ridhaa, sheria siku hizi iko upande wetu zaidi kuliko zamani. Katiba ya Kenya ya 2010, katika Ibara ya 69, inaitaka Serikali ilinde elimu ya wenyeji juu ya mimea na viumbe, na mwaka 2016 ikatungwa sheria mahsusi ya kulinda elimu ya jadi. Mkataba wa Nagoya wa 2010, ambao nchi yetu imo, unadai ridhaa na mgawanyo wa faida. Wala kunufaika na msitu pasipo kuukata si jambo geni kwetu: hapo Gede, tangu 1993, mradi wa Kipepeo umewawezesha wanavijiji wanaopakana na Arabuko-Sokoke kufuga vipepeo wa msituni na kuwauza nje wakiwa bado ndani ya vifuko vyao.

Lakini tusiwalaumu wageni peke yao. Shoka linalozungusha gome la mjafari mara nyingi ni letu. Anayekata gome kwa ruhusa na achukue ukanda mwembamba wa kusimama, upande mmoja, auache mti hadi upone. Penye majani yanayofaa, mizizi iachwe ardhini. Na akija mgeni kuuliza bibi yenu huchemsha nini kwa homa, mkaribisheni chai, kisha mumwombe awaonyeshe kibali chake.