Karatasi Nayo Hunywa Maji

Kitalu changu cha miche kiko kando ya njia hapa Kahawa Sukari, na jioni watu wakishuka matatu za Thika Road husimama kutazama. Siku hizi hawaniulizi sana bei ya mche wa parachichi. Huniuliza: "Mama Miche, kweli trei ya mayai inaotesha mboga?"

Inaotesha, na vizuri. Trei ya karatasi, wengine huiita kreti, hutengenezwa kwa karatasi kuukuu iliyolowekwa ikawa rojo, ikapigwa kwenye kalibu na kukaushwa. Ina vikombe 30, na kila kimoja hulea mche wake peke yake. Mwaka 1911 huko Kanada, mhariri wa gazeti aitwaye Joseph Coyle alibuni boksi la mayai ili kila yai likae mahali pake lisigongane na jirani. Mizizi nayo inataka hivyo hivyo: isisukwe na ya mwenzake, ili siku ya kuhamisha isikatwe.

Lakini karatasi hunywa maji, na hapo ndipo wengi hupoteza miche. Msimu wangu wa kwanza nilipanda nyanya shambani pamoja na vikombe vyake, nikaacha kingo zikichungulia juu ya udongo. Kingo zile zilivuta unyevu kutoka mizizini na kuupeleka juani, kama utambi unavyopandisha mafuta ya taa. Nyanya zilinyauka wiki moja baada ya mvua. Sasa naloweka trei kabla ya kutia udongo, na siku ya kupanda napasua kitako cha kikombe, kisha nafukia kingo zote zisionekane. Kumwagilia ni asubuhi. Ukilowesha jioni na mche ulale majini, kinyausi huingia, shina likaoza pale linapogusana na udongo.

Kikombe ni kifupi, hivyo kinatosha sukuma wiki, nyanya au pilipili mpaka majani mawili halisi yatokeze. Baada ya hapo, hamisha. Mpapai unataka kina, kwa hiyo mimi hutumia pakiti za maziwa zilizotobolewa chini. Karoti ipande papo hapo shambani, haipendi kuhamishwa hata kidogo.

Mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Kenyatta, aliyepanga chumba hapa mtaani, aliniuliza afanye nini na maboksi aliyohamia nayo. Nilimwambia abandue utepe na lebo zote, ayatandaze chini juu ya magugu, ayaloweshe, kisha amwage samadi na majani makavu juu yake. Magugu yakikosa mwanga hufa, na boksi huoza lenyewe. Ukanda mmoja wa katoni auzungushe kwenye shina la mche, uzame udongoni kama upana wa vidole viwili. Huo ni ukuta dhidi ya sota, wale viwavi wanaokata miche usiku ukaamka ukaikuta imelala. Boksi linalong'aa kwa rangi na nailoni usilitie shambani.

Jambo moja nalisema kwa uzito. Jirani mfugaji alitaka kuchukua trei nilizozipata kwingine apangie mayai ya kuku wake. Nilikataa. Trei yenye kinyesi huweza kubeba kideri kutoka banda hadi banda, na karatasi huwezi kuiosha ikatakata. Iliyopasukiwa yai huweza kubeba salmonela, basi itupe kwenye mboji, na watoto wanaonisaidia kujaza udongo lazima wanawe mikono kwa sabuni.

Najua wengi wenu mnazichoma trei jioni kufukuza mbu. Moshi ule mnauvuta ninyi na watoto wenu. Zilizo kavu na safi nileteeni kitaluni kabla ya Februari kwisha, maana mvua ya masika huanza Machi, na mbegu nataka zitangulie.